Kabla hujamlaza mama besimenti, pima radoni (kwa walioko Marekani na wengine wote wenye nyumba za kufunga)

Baba Neema

Habari za wakati huu wanajamvi. Uzi huu wa radoni, gesi ya ardhini inayoweza kuleta saratani ya mapafu, ni mrefu, na sikutaka kuuandika mpaka baridi nyingine ipite na nipate kipimo cha mwisho mkononi.

Naishi Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis. Tulinunua nyumba yenye besimenti (sakafu iliyo chini ya ardhi) iliyokamilika: zulia, bafu, chumba cha kulala. Mama alipokuja kutoka Moshi kutusaidia kulea mjukuu, tukampa chumba hicho cha chini. Tuliona tumemheshimu, maana ndicho chenye utulivu kuliko vyote na mtoto akilia usiku hasikiki. Alikaa humo kuanzia Oktoba hadi Machi. Mnaoijua baridi ya huku mnajua nyumba inavyofungwa miezi hiyo. Hata madirisha tuliyabandika plastiki.

Mama kesharudi Moshi, siku moja kazini mzee mmoja fundi umeme akaniuliza: besimenti yako ulishaipima radoni? Nikamwambia neno hilo nililiona kwenye karatasi za ununuzi, na dalali akasema nyumba ya mwaka 2012 haina shida, hayo ni mambo ya nyumba kongwe. Mzee akatikisa kichwa. Kesho yake akaniletea kifaa cha kupimia alichokuwa nacho nyumbani kwake.

Jibu likaja: 9.6.

Huku wanapima kwa pikokyuri (kipimo cha mionzi) katika lita moja ya hewa. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, EPA, linasema ukifika 4 rekebisha nyumba, na ukiwa kati ya 2 na 4 fikiria kurekebisha. Kwa wanaotumia bekereli, kipimo kingine cha mionzi, 4 ni sawa na 148 kwa mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nchi zilenge 100, na pasipowezekana zisivuke 300. Yangu ilikuwa 355. Mama yangu alilala humo miezi mitano.

Sasa radoni ni nini. Ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na inazaliwa ardhini. Urani imo kidogo kidogo karibu katika kila udongo na kila mwamba, siyo kwenye migodi peke yake. Inavunjika polepole mno, hatua kwa hatua, mpaka inakuwa radiamu, na radiamu ikivunjika inatoa radoni. Hao wazazi wake ni vitu vigumu, vinakaa pale pale vilipo. Radoni ni gesi, kwa hiyo inapenya kati ya punje za udongo ikitafuta pa kutokea. Ikitokea uwanjani inapotelea hewani. Ikitokea chini ya nyumba, inaingia ndani.

Na nyumba yenyewe ndiyo inayoivuta. Wakati wa baridi hewa ya moto hupanda na kutorokea juu, darini na kwenye mianya ya madirisha ya ghorofani, kama moshi unavyopanda kwenye dohani. Huku chini panabaki mvuto, na hewa ya udongoni inafyonzwa kupitia nyufa za jamvi la zege, pembeni ambako ukuta unakutana na sakafu, kandokando ya mabomba, na kwenye lile shimo la pampu inayotoa maji ya chini ya nyumba. Ndiyo maana namba za Januari mara nyingi huwa mbaya kuliko za Julai. Minnesota ina jambo lake jingine: udongo wake uliachwa na barafu ya kale iliyosaga miamba yenye urani na kuitawanya. Idara ya afya ya jimbo inasema nyumba 2 katika kila 5 zinapita 4.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwamba radoni yenyewe unaivuta na kuitoa, haikwami sana. Ubaya uko kwa watoto wake. Kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni uliyokuwa nayo huwa imegeuka, na inageuka kuwa vitu vigumu tena, hasa poloniamu. Hivyo hunata kwenye vumbi, vinaingia mapafuni, vinakaa, na vinapovunjika vinatoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haipiti hata karatasi. Ngozi yako inaizuia. Lakini ndani ya pafu hakuna ngozi, kuna utando mwembamba wa chembe hai, na alfa inazipiga kutoka karibu kabisa.

Bekereli moja maana yake ni atomi moja kuvunjika kila sekunde. Nilipiga hesabu ya chumba cha mama: mita 4 kwa 5, urefu wa kwenda juu mita 2.4, yaani mita 48 za ujazo. Kwa wastani wa vipimo vyangu viwili (9.25), kila sekunde iliyopita humo ndani atomi zaidi ya 16,000 za radoni zilikuwa zinavunjika. Usiku ule nilipopiga hesabu hiyo sikulala.

Nitaendelea na jinsi nilivyopima na nilivyorekebisha. Karibuni kwa maswali.

Kalunde

Pole mkuu, na asante. Swali langu: jirani yangu alipima akapata 1.8. Nyumba yangu na yake zimejengwa na kampuni moja, mwaka mmoja, ramani moja, tunatazamana. Bado kuna haja mimi nipime?

Baba Neema

Kalunde, haja ipo, tena kubwa. Ngoja nikupe kisa ambacho ndicho kilichowafanya Wamarekani waanze kuhangaika na jambo hili majumbani.

Desemba 1984, kule Pennsylvania, kulikuwa na mhandisi anaitwa Stanley Watras, akifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick kilichokuwa bado kinajengwa. Mlangoni palikuwa na mitambo ya kukagua mionzi wafanyakazi wanapotoka. Yeye kila akipita, kengele inalia. Wakamsafisha, wakakagua sehemu alizofanyia kazi, hawakuona kitu. Na kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mwisho akafanya jambo la akili sana: asubuhi aliingia na moja kwa moja akapita kwenye mtambo kabla hajafanya kazi yoyote. Kengele ikalia. Kumbe mionzi alikuwa anatoka nayo nyumbani.

Walipopima nyumba yake walikuta takriban pikokyuri 2,700 kwa lita. Gawanya kwa 4 uone. Familia ikahama, nyumba ikarekebishwa, baadaye wakarudi. Na nyumba za majirani hazikuwa na kiwango kama hicho. Yeye alikuwa amekaa juu ya mwamba ambao mshipa wake wa urani ulipita chini ya jamvi lake.

Kwa hiyo kipimo cha jirani yako ni cha jirani yako. Ufa mmoja, kokoto zilizomwagwa kabla ya zege, namna hita inavyovuta hewa, vyote vinabadilisha namba. Hata ile ramani ya kanda inayotolewa na EPA, wenyewe wanasema usiitumie kuamua kuhusu nyumba moja.

Nesi wa Des Moines

Baba Neema, kwanza nikutoe hofu kuhusu mama. Hatari ya radoni hujengeka kwa miaka mingi. Miezi mitano si jambo la kufurahia, lakini usibebe mzigo kana kwamba umemwekea mama sumu mezani. Muhimu, je, anavuta sigara au amewahi kuvuta?

Nauliza kwa sababu hapo ndipo palipo na tofauti kubwa mno. Kwa hesabu za EPA, ukichukua watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta sigara wakaishi maisha yao yote kwenye nyumba yenye 4, karibu 7 wanaweza kupata saratani ya mapafu. Chukua wavutaji 1,000 kwenye nyumba ile ile: karibu 62. Sigara na radoni vikikutana madhara yanazidishana.

Mimi nafanya kazi wodini hapa Iowa, jimbo ambalo lote, kaunti zote 99, limewekwa kwenye kanda ya hatari ya juu. Nimewahudumia wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao hawajawahi kushika sigara maishani, na kila mara familia inauliza: sasa imetoka wapi? Siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba yake ilitokana na radoni, kwa sababu uvimbe hauandikwi jina. Lakini EPA inakadiria vifo 21,000 kwa mwaka Marekani vinavyotokana na radoni, na karibu 2,900 kati ya hivyo ni vya watu ambao hawakuvuta kamwe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka radoni kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988.

Na msisubiri dalili. Radoni haikuumizi kichwa, haikukoholeshi, haikuwashi macho. Akija mtu akakwambia anaihisi, anahisi kitu kingine.

Baba Neema

Asante sana dada. Mama hajawahi kuvuta. Baba alivuta, Mungu amrehemu. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote, akanisikiliza, akauliza: "Na mtoto alikuwa analala juu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi vizuri.

Tuendelee. Kupima ni rahisi kuliko nilivyodhani, ila kuna masharti, na ukiyavunja namba haina maana.

Mimi nilianza na kile kifaa cha siku chache, kina mkaa maalumu unaofyonza radoni. Kinakaa siku 2 hadi 7. Saa 12 kabla ya kuanza, na muda wote wa kipimo, madirisha na milango ya nje vifungwe. Kuingia na kutoka kama kawaida sawa, hita iwake kama kawaida sawa, lakini msiache mlango wazi mkiongea na wageni. Kiweke kwenye sakafu ya chini kabisa ambayo watu wanaitumia au wanaweza kuitumia. Kisiwe jikoni, bafuni wala chumba cha kufulia. Kiinue angalau nusu mita kutoka sakafuni, kaa mbali na dirisha, ukuta wa nje, hita na mkondo wa feni. Mimi nilikiweka juu ya meza ndogo ya kando ya kitanda alicholalia mama, mahali ambapo kichwa chake kilikuwa.

Ukimaliza, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, funga vizuri, na peleka posta siku ile ile. Hili watu wanalipuuza. Radoni iliyonaswa kwenye mkaa inaendelea kuvunjika, na bahasha ikilala kwenye gari wiki mbili maabara itakuwa inapima mabaki.

Namba ya kwanza ikiwa 4 au zaidi, usikimbilie kumlipa fundi. Pima mara ya pili. Ikiwa imezidi 8, rudia haraka kwa kifaa cha siku chache, kisha chukua wastani. Yangu ya pili ilikuwa 8.9. Wastani 9.25. Kama ya kwanza ni 5 au 6 na huna haraka, tumia kile cha muda mrefu, kinachokaa zaidi ya siku 90. Hicho ndani kina kipande cha plastiki, kila alfa inayokipiga inaacha alama ndogo, na maabara wanazikuza kwa dawa na kuzihesabu kwa hadubini. Kwangu mimi hicho ndicho kinachosema kweli kuhusu maisha yako, kwa sababu namba ya radoni inapanda na kushuka kila siku, mvua ikinyesha, theluji ikifunika ardhi, upepo ukivuma.

Vipo pia vifaa vya kidijitali vya kuweka mezani vinavyoonyesha namba kila saa. Ninacho sasa. Ni kizuri kufuatilia, ila kisikutie wazimu. Tazama wastani wa mwezi, usitazame wa saa nane usiku.

Bei ya vile vya kawaida haifiki hata mafuta ya gari ya wiki, na ofisi nyingi za afya za kaunti huvitoa bure au kwa bei ya chini. Pigeni simu muulize.

Kalunde

Mimi nafungua madirisha ya besimenti kila jioni kwa saa moja. Hiyo haitoshi?

Fundi wa Jamvi

Nijibu hilo, maana kazi hii naifanya (nina leseni ya Minnesota, tangu 2019 jimbo linataka leseni).

Ukifungua dirisha namba inashuka kweli. Ukilifunga, ndani ya nusu siku hivi imerudi ilipokuwa. Na kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri hutalala dirisha wazi. Tena ukifungua ya ghorofani peke yake unaweza kuongeza ule mvuto wa chini alioueleza mwenye uzi.

Kosa jingine ni la kuziba nyufa kwa silikoni ukadhani umemaliza. Kuziba kunasaidia feni ifanye kazi vizuri, lakini peke yake hakutoshi. Zege lina vitundu ambavyo huvioni.

Dawa yenyewe ni hii. Tunatoboa jamvi, tunachimbua kokoto kidogo chini yake, tunasimamisha bomba la plastiki, tunalipandisha hadi juu ya paa. Darini au nje ya nyumba tunafunga feni inayofanya kazi usiku na mchana. Feni inafanya chini ya jamvi kuwe na mvuto mkubwa kuliko wa ndani ya nyumba. Kwa hiyo badala ya hewa ya udongoni kupanda kwako, inanyonywa na kutupwa juu. Shimo la pampu tunalifunika kwa kifuniko kinachobana. Kwenye bomba tunaweka kimrija cha umbo la U chenye maji ya rangi. Pande mbili zikilingana, feni imekufa. Kila mtu wa nyumbani ajue kukisoma, hata mtoto wa miaka kumi anaweza.

Feni isiwekwe besimenti wala ndani ya chumba cha kuishi, kwa sababu bomba la upande wa juu wa feni likivuja litakumwagia ndani yote uliyoyakusanya. Na mdomo wa bomba usiwe karibu na dirisha. Nimekuta kazi za watu zimeelekeza mdomo kwenye dirisha la chumba cha watoto. Inauma kuona.

Nyumba za Minnesota zilizojengwa tangu 2009 zinatakiwa kuwa na bomba tayari, lisilo na feni. Baba Neema, ya kwako ya 2012 ilikuwa nalo?

Baba Neema

Ilikuwa nalo, fundi wangu! Bomba jeupe linapita kabatini, nikidhani ni la maji machafu. Dalali alikuwa sahihi kwamba nyumba mpya ina kinga, hakujua kwamba kinga isiyo na feni inaweza isitoshe. Kwangu kazi ikawa kufunga feni darini, kufunika shimo la pampu na kuziba pembeni. Nililipa dola 950. Rafiki yangu mwenye nyumba ya miaka ya 1970 alilipa karibu 2,000.

Baada ya siku tatu tukapima: 1.3. Nikaweka kile cha muda mrefu kuanzia Novemba hadi Februari, baridi tupu, nyumba imefungwa: 1.1. Hewa ya nje kwa kawaida ni kama 0.4, kwa hiyo sifuri haipo, msiitafute. Nitapima tena kila baada ya miaka miwili.

Binti Tanga

Na sisi tulioko Dar? Nimesoma nikaanza kuogopa sakafu yangu.

Nesi wa Des Moines

Binti Tanga, usiogope. Nyumba zetu nyingi za pwani hazina besimenti, madirisha yako wazi mwaka mzima, hakuna hita inayovuta hewa kutoka chini. Nyumba inapumua. Gesi ikiingia inatoka. Ningefikiria zaidi kuhusu vyumba vya chini vya majengo marefu ambako walinzi na watunza stoo wanakaa siku nzima bila dirisha, na nyumba zinazofungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Mwanakwale

Niongeze la kwetu. Huku Kwale tuna kilima cha Mrima, ambacho wanasayansi wanakijua kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, kwa sababu mawe yake yana thori nyingi, madini ya mionzi kama urani. Thori nayo ina gesi yake, ndugu yake radoni, inaitwa thoroni. Tofauti ni kwamba nusu ya thoroni huvunjika katika muda usiofika dakika moja. Ni vigumu isafiri kutoka chini ardhini ikakufikia. Lakini nyumba ikiwa ya udongo uliochimbwa pale pale, ukuta ndio chanzo, na anayelala kichwa kikiwa karibu na ukuta yuko karibu na chanzo. Wamekuja watafiti kupima nyumba za udongo za huko. Mimi nasema wazee wetu walijenga kwa walichokuwa nacho, ila anayejenga leo karibu na Mrima apake lipu ukuta wa ndani, aache madirisha makubwa, na kitanda akisogeze.

Mtu wa Likasi

Ndugu zangu, mimi niko Likasi, Katanga, huku Kongo. Mgodi wa Shinkolobwe uko jirani na sisi, pale palipotoka urani ya bomu la atomiki la Wamarekani. Mgodi ulifungwa, serikali ikapiga marufuku tena mwaka 2004, lakini vijana wamekuwa wakiingia kutafuta kobalti. Mnazungumza 4 na 148 ndani ya nyumba. Fikirieni shimo jembamba lisilo na upepo ndani ya mwamba ule. Saratani hii ya mapafu yenyewe ilijulikana kwanza kwa wachimbaji, wale wa Schneeberg kule Ujerumani, karne ya 19, kabla hata radoni haijapewa jina. Nitamsomea mdogo wangu uzi huu.

Juma Columbus

Wakuu, mimi sina nyumba. Nimepanga chumba besimenti hapa Ohio, mwaka wa pili. Nawezaje kumwambia mwenye nyumba afunge feni ya dola elfu wakati kodi yenyewe naomba nipunguziwe?

Baba Neema

Juma mdogo wangu, wewe ndiye hasa niliyekuwa namwandikia. Sisi tukifika huku tunaanzia besimenti, kwa sababu ndiko kodi ni ndogo. Mimi nilikaa humo miaka mitatu kabla ya kuoa, na sijui namba yake hadi leo.

Anza kwa kupima mwenyewe, huhitaji ruhusa ya mtu kuweka kikopo juu ya meza. Ukipata jibu, mtumie mwenye nyumba kwa maandishi pamoja na karatasi ya maabara, umwombe apime yeye pia. Kumbuka na yeye anaishi juu yako, hewa ile ile inapanda kwake. Wakati mnazungumza, lala ghorofa ya juu kama inawezekana. Nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha, kifaa nitakununulia mimi.

Juma Columbus

Kaka, ni wiki tatu sasa. Nimefuata masharti yote, nimepeleka posta siku ile ile. Jibu ni 6.2. Nilimpelekea mwenye nyumba karatasi, akanyamaza siku mbili, kisha akaja kugonga mlango na mkewe. Hawakuwa wanajua. Tumeweka vifaa viwili vipya jana usiku, kimoja chini kwangu, kimoja chumbani kwao. Mimi kwa sasa nalala sebuleni kwao juu.